Dakika ya Hamsini na Tano

Wakaguzi wa Baraza wakikaribia kuja, sisi hupaka mawe chokaa. Sijui ni nani aliyewahi kuona umeme ukiimarika kwa sababu mawe ya getini ni meupe, lakini ndivyo tulivyofanya kila baada ya miezi mitatu, na brashi nimeishika mimi mwenyewe mara nyingi. Naitwa Luciana. Watu wa Misigiri wananiita Mama Derick. Kwa miaka tisa nimekaa zamu katika kituo cha kupozea umeme kilicho nje kidogo ya mji, ndani ya chumba chenye ukuta mzima wa taa na vitasa vya swichi. Kwa mkono huu wa kulia nimewasha na kuzima umeme wa watu kutoka hapa juu mpaka chini ya mlima Sekenke na kuendelea.

Baraza ninalolisema ni la kanda. Nchi zilipounganisha nyaya zao ilibidi awepo mtu wa kuhakikisha uzembe wa mmoja hauwazimii taa wengine, ndipo likaundwa. Halina nguzo hata moja wala waya wa kuanikia nguo. Kazi yake ni kuhesabu na kukemea. Kila robo mwaka linatoa jedwali la vituo vyote, kila kimoja na rangi yake: kijani, njano, nyekundu. Laini ikikatika na kukaa gizani saa nzima, hilo linaandikwa katiko kubwa. Ukipata makatiko makubwa matatu katika robo moja, unapakwa nyekundu. Nyekundu ikijirudia, kampuni iliyopewa kuendesha kituo inanyang'anywa mkataba, na sisi wote tunarudi kulima alizeti.

Haya, sasa niambie wewe. Laini inashuka Sekenke, mlima unaopigwa radi msimu mzima wa mvua, gari la mafundi ni moja na lina matairi ya kuombea dua. Utaitengeneza ndani ya saa moja? Aliyeandika kipimo kile hajawahi kusukuma gari kwenye tope.

Ndipo mkuu wetu wa kituo, Bwana Joseph, alipotufundisha kugusa. Kugusa ni hivi: laini ikikatika, unaangalia saa. Ikifika dakika ya hamsini na tano unawasha swichi. Laini ina hitilafu, kwa hiyo swichi inajikata yenyewe papo hapo, hata sekunde haiishi. Lakini kwenye daftari unaandika umeme ulirudi, kisha ukakatika tena, na saa inaanza kuhesabu upya. Katiko la saa nne linakuwa makatiko matano madogo, na madogo Baraza haliyahesabu. Kijani. Tulikaa kijani mwaka mzima na nusu. Bwana Joseph akapewa cheti, akakitundika ukutani juu ya meza yangu ili nikione kila nikiinua macho.

Mafundi wa laini walijua tunagusa. Walikuwa wawili: Naftali, kijana wa miaka thelathini na mitano aliyekuwa anapanda nguzo, na Paskali, mtu mzima, Baba Lucy, aliyekaa chini na kusimamia usalama. Kabla ya kupanda walitakiwa kunipigia simu waseme, "Tunapanda, usiguse." Kwa sheria ilivyoandikwa kilitakiwa kibali cha kazi, sahihi mbili, na kufuli kwenye swichi. Kibali hicho tulikiona kwenye semina.

Shida ni kwamba chini ya Sekenke, kwenye kona za mwanzo, simu haishiki. Basi wao wakabuni njia yao. Wanasimamisha lori au basi lolote linalopandisha mlima, wanampa dereva au abiria namba yangu, wanamwambia, "Ukifika juu mtandao ukishika, mpigie huyu mama, mwambie mafundi wamepanda." Kisha wanahesabu dakika ishirini, muda wa lori lenye mzigo kumaliza mlima, halafu Naftali anapanda. Mwaka mzima na nusu tulifanya hivyo. Nimepigiwa na wauza vitunguu, na padri, na watu wa harusi. Namba ngeni ikiita mchana wa mvua, nilijua ni ujumbe wa mafundi. Nasisitiza hapo. Nilijua.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa pili. Radi ilipasua kikombe cha kaure kinachoshika waya kwenye nguzo moja chini ya mlima, na laini ikakatika saa saba na dakika kumi mchana. Naftali na Paskali wakaondoka na gari. Waya wa kufunga ardhini, ule unaomlinda fundi umeme ukirudi ghafla, hawakuwa nao. Tulikuwa na seti moja tu, na siku hiyo ilikuwa imechukuliwa na wenzetu waliokwenda kazi nyingine. Paskali aliuliza, akaambiwa aende hivyo hivyo. Akaenda.

Saa nane na dakika tano niligusa mara ya kwanza. Hawakuwa wamefika hata nusu ya njia. Halikutokea lolote.

Saa tisa kasoro dakika nne simu ya mezani ikalia. Alikuwa Bwana Joseph, yuko kikaoni Singida mjini. "Luciana, dakika ya hamsini na moja hiyo. Robo hii tuna makatiko makubwa mawili tayari. La tatu tusilione."

Nikamwambia bado sijapata ujumbe wa mafundi, nitakuwa macho. Akaanza kunieleza habari za mkataba, za wenzetu wa kituo fulani waliofukuzwa, za watoto wangu wanaosoma. Wakati anaongea, simu yangu ya mkononi ikaanza kutetemeka juu ya meza. Namba ngeni. Ikakata, ikaita tena. Nikasema, "Mkuu, subiri kidogo." Akasema, "Usinikatishe, gusa kwanza." Ikaita mara ya tatu.

Ningeweza kuipokea kwa mkono wa kushoto. Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka kulifikiria. Mkono wa kushoto ulikuwa hauna kazi. Lakini nilikuwa nimekasirika, nimechoshwa na yule mtu sikioni, na nikajiambia nikishagusa nitapokea. Saa tisa kamili nikawasha. Swichi ikajikata palepale, kama kawaida.

Nikaweka chini simu ya mezani, nikapiga ile namba ngeni. Akapokea mwanamke, yuko juu ya lori la alizeti. "Jina langu Amne, nakaa Iguguno," akasema. "Mbona hupokei, mama? Mafundi kule chini wameniambia nikuambie wamepanda, usiguse. Lori letu liliharibika kidogo mlimani, ndiyo nimechelewa. Nimefikisha?"

Nikamwambia umefikisha. Nikamshukuru, Mungu anisamehe.

Naftali alianguka kutoka kwenye nguzo akiwa ameshakufa. Paskali alimwingiza kwenye gari peke yake, akapanda naye mlima. Nilimwona akiingia getini, katikati ya yale mawe meupe. Alishuka, akanitazama, akauliza swali moja tu.

"Mama Derick, uligusa?"

"Hapana," nikasema. "Ujumbe ulifika. Sikugusa."

Mwongo huwa na njia fupi, lakini siku ile yangu ilikuwa pana, na Bwana Joseph ndiye aliyeifagia. Alifika kabla ya jua kuzama. Akachukua daftari la zamu, akaniandikisha ukurasa mpya. Kwenye ukurasa huo laini haikukatika kwa radi. Ilizimwa kwa makusudi tangu saa saba, kwa matengenezo yaliyopangwa, na kibali kikatengenezwa jioni ile chenye tarehe ya juzi yake. Katiko la kupangwa Baraza haliliingizi kwenye hesabu. Kwa hiyo siku aliyokufa Naftali, kwenye jedwali la kanda, ni siku safi kabisa.

Ile mashine inayorekodi kila swichi ikiwashwa, ambayo ingetuumbua, betri yake ilikufa mwaka juzi. Wakaguzi waliliona hilo. Wameliandika mara tatu kwenye ripoti zao: "Dosari ndogo, itarekebishwa."

Halafu kampuni ikaandika ripoti ya kifo. Ilisema umeme wa radi ulibaki kwenye waya, na fundi Paskali, aliyekuwa na dhamana ya usalama, hakufunga waya wa ardhini. Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndiyo maana uongo ule ulisimama. Wakamfukuza kazi. Polisi wakamfungulia kesi ya kusababisha kifo kwa uzembe, akatoka kwa dhamana. Nilipomwambia Bwana Joseph hii haiwezekani, alifunga mlango. "Mimi nilikuwa Singida," akasema. "Kitasa ulikishika wewe. Ukitaka kusema, sema, lakini jua ni nani anakwenda jela."

Nilinyamaza. Sitaki kujitafutia maneno mazuri. Niliogopa, nina watoto watatu na baba yao hayupo, nikanyamaza.

Na Paskali aliamini. Hapo ndipo panaponiuma. Mtu aliyefanya kazi ya laini miaka thelathini aliamini radi ilibaki kwenye waya, kwa sababu mimi nilimwambia sikugusa, na yeye hakuwahi kuniona mimi kuwa mwongo. Wiki mbili baada ya maziko alikuja kwangu na kondoo. Kwetu mtu aliyemkosea mfiwa hapeleki radhi yake mwenyewe, anatuma mtu anayeheshimika pande zote mbili. Alinichagua mimi.

"Siwezi kukanyaga kwa Magdalena wa Naftali na miguu hii," aliniambia kwa Kinyiramba, sauti chini. "Wewe ulikuwa zamu, unajua ilivyokuwa. Mwambie nimemuua mume wake kwa kusahau, si kwa kutaka."

"Hukusahau," nikasema. "Waya haukuwepo."

"Ningekataa kwenda. Mtu mzima anakataa. Niendee, Mama Derick."

Nilikwenda. Nilimkokota yule kondoo kwa miguu mpaka nyumbani kwa mjane, nikakaa kwenye mkeka mbele ya wazee wa ukoo, nikaomba radhi ya mauaji kwa niaba ya mtu ambaye hakuua, na muuaji ni mimi niliyekuwa naongea. Magdalena alinisikiliza hadi mwisho. "Mwambie nimesikia," akasema. "Kusamehe bado, ila nimesikia." Kisha akanishika mkono na kunishukuru, akasema mimi tu ndiye niliyebaki kumkumbuka kutoka kule kazini.

Mwezi wa tano Baraza likaja. Tulipaka mawe. Wakaguzi walikuwa watatu, wawili kutoka nchi jirani na mmoja Mtanzania, mhandisi Janeth, mwanamke mwembamba asiyependa chai. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi yake Paskali alikuwa anakwenda mahakamani Kiomboi, na alishawaambia watu wote kwamba atakiri kosa, hana haja ya wakili, apewe kifungo chake aende. Miaka mitano, wengine walisema saba. Mtu ana miaka hamsini na tisa.

Wale wawili walichukuliwa na Bwana Joseph kwenda kuonyeshwa transfoma na kuku wa kuchoma. Janeth akabaki na mimi na madaftari.

Alisoma muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Dada Luciana, laini ya Sekenke. Mwaka mmoja na nusu, na karibu kila katiko linakoma dakika ya hamsini na tano. Radi ya kwenu ina saa ya mkononi?"

Nikapanga upya madaftari yaliyokwisha kupangwa.

"Na hii ya mwezi wa pili. Matengenezo ya kupangwa, saa saba mchana, siku ambayo rada ya hali ya hewa inaonyesha dhoruba kutoka Shelui mpaka hapa. Nani anapanga matengenezo ya nguzo kwenye radi?" Akainua kichwa. "Siku hiyo alikufa fundi. Nimeona kwenye gazeti, siyo kwenye ripoti yenu."

Nilisema. Sikuwa nimepanga kusema, ila lilipotoka la kwanza mengine yalifuata yenyewe. Nilimweleza kugusa, na simu tatu, na Amne juu ya lori, na ukurasa mpya, na kondoo. Nililia, na nilipolia nilijikasirikia, maana machozi yale yalikuwa yamechelewa miezi mitatu. Alisubiri nimalize. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Alhamisi anakiri," nikamwambia. "Nyie ndio wakubwa wa hawa. Andika leo, umtoe."

Janeth akanigeuzia fomu yake niione. Maswali arobaini na mawili. Volti, mafuta ya transfoma, umri wa betri, dakika za katiko. Nikaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta.

"Hakuna sehemu ya mtu," akasema. "Sisi tunasimamia uhakika wa umeme. Nitaandika kwamba takwimu zimeghushiwa, na kituo hiki kitapata nyekundu. Kwenye 'maelezo mengine' nitaandika kuhusu fundi, mistari miwili ndiyo nafasi iliyopo. Ripoti itapitia kamati mwezi wa nane." Akaikunja fomu. Nadhani aliona aibu, na namheshimu kwa hilo. "Baraza haliwezi kumtoa mtu kizimbani, dada. Wewe unaweza."

Nilitaka kumtukana. Barabara yote ile kutoka makao yao makuu, magari mawili, posho, miwani, kuja kuniambia kwamba mwenye uwezo ni mimi! Lakini alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo niliijua tangu saa tisa ya siku ile.

Jumatano asubuhi sikwenda zamu. Nilipanda gari hadi Iguguno nikamuulizia Amne sokoni. Nilimkuta anapepeta alizeti. Nilipojitaja alisimama. "Wewe ndiye yule mama? Yule fundi alipona?" Hakuwa amejua. Miezi yote mitatu alikuwa anaamini alifikisha. Nilipomweleza alikaa chini juu ya gunia, akasema, "Mimi nilipiga mara tatu. Mara tatu, mama." Nikamwambia ndivyo, na ndivyo nataka aje awaambie polisi. Alijifunga khanga, akamwachia jirani mzigo wake, tukaondoka.

Polisi waliandika maelezo yangu mpaka jioni, wakaandika na ya Amne. Bwana Joseph alipigiwa simu, akasema hajui lolote, alikuwa Singida. Mimi nikabaki pale pale kituo cha polisi, mahabusu. Derick, mwanangu mkubwa, aliniletea chakula.

Alhamisi nilipelekwa mahakamani na askari wa kike. Magdalena alikuwepo, kakaa mbele na gauni jeusi. Mwendesha mashtaka alisimama kabla Paskali hajaulizwa, akaeleza kwamba kuna maelezo mapya, akayasoma. Akaomba kuiondoa kesi, na hakimu akakubali. Mahakama nzima ikageuka kunitazama, isipokuwa Magdalena, ambaye alibaki ametazama ukuta. Nilisubiri ageuke. Hakugeuka.

Nje walimkamilishia Paskali makaratasi yake. Ndugu zake walikuwa wanamshika mikono, mmoja anacheka, mwingine anamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye alikuwa hacheki. Aliponiona kwenye kibaraza na yule askari, aliwaacha akaja taratibu.

"Shikamoo, Baba Lucy," nikasema.

"Marahaba." Alikuwa mtu wa adabu na hata leo hakuiacha. Amekonda, mashavu yameingia, macho mekundu. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kabla hujafika getini."

Akatikisa kichwa pole pole, akihesabu, nadhani, siku moja moja mpaka leo. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

"Kesi ningeibeba, Mama Derick," akasema. "Wangu wamekua, wako bado wanasoma. Usingehitaji hata kuniomba mara mbili. Ungenivuta tu pembeni, siku yoyote, ukaniambia, Baba Lucy, hukumuua. Basi. Ningekwenda jela, na huko ningelala usingizi."